Karatasi Tatu Chini ya Pete ya Lenzi

Kaka yangu Seijiro alitoa ahadi mwezi wa kwanza, baada ya kusahau birika motoni mara ya pili. Alisema siku kamera aliyoitengeneza ikirudi na kosa, atafunga bisibisi zake na hatazigusa tena. Mimi sikumwomba ahadi yoyote. Nilichomwambia ni kwamba awe anazima jiko. Lakini Seijiro ndivyo alivyo: ukimwonya kuhusu birika, yeye anaapa kuhusu kamera.

Mwezi wa tatu, kamera ya Mama Hanaoka ikarudi.

Sisi wawili tumezaliwa hapa Okaya, kando ya ziwa, na wote tuliingia kiwanda cha kamera kabla ya kufikisha miaka kumi na saba. Yeye alikuwa fundi wa kufunga pete za lenzi. Mimi niliwekwa chumba cha wasichana wa karatasi. Watu hucheka nikisema ndani ya zile kamera za chuma mlikuwa na karatasi, lakini zilikuwamo. Pete inayoshika lenzi ni lazima ikae sambamba na filamu iliyo nyuma, umbali uleule juu, chini, kushoto na kulia. Chuma ni kikaidi. Basi tulikata vipande vyembamba vya karatasi, vikapangwa chini ya pete mpaka geji, kile kipimo chetu chenye mshale, ikubali. Watu wa lenzi walikuwa ghorofa ya juu, nao walijiona, na sisi hatukuwasalimia. Kamera ilipimwa kwa geji peke yake, na lenzi yoyote ikifika ijitegemee. Huo ndio uliokuwa mwenendo wetu.

Kiwanda kilipofungwa, Seijiro alihamishia meza yake chumba chetu cha mbele. Mkewe alikufa, mume wangu akafa, tukabaki wawili na kamera za watu. Ni zile za zamani, za kulinganisha picha mbili ndani ya kidirisha mpaka ziwe moja. Vijana wanazileta kutoka Tokyo na kuinama mpaka paji la uso liguse mkeka. Yeye anawaambia waache lenzi nyumbani. Haoni sababu ya kuziangalia.

Mama Hanaoka ni jirani, mjane kama mimi. Alileta kamera ya marehemu mumewe kwa kuwa pazia la ndani, lile linalofunguka kupitisha mwanga, lilikuwa linakwama. Alitaka kuwapiga picha watu wa mtaa wetu wote kwenye sikukuu ya magogo, watu wanapoburuta miti mikubwa kwa kamba kutoka mlimani, mwezi wa nne. Sikukuu hiyo huja mara moja kila baada ya miaka sita, na kwa umri wetu kila mmoja anajua maana yake.

Seijiro alitengeneza pazia. Kisha, kwa mazoea, akapima pete. Kushoto sawa. Kulia imeinuka kwa sehemu sita za mia za milimita, karibu unene wa unywele mmoja. Akaifungua, akakuta karatasi tatu zimebanwa upande mmoja tu. Akanung'unika, akazitoa, akaziweka katika bahasha yenye jina la mteja kama anavyofanya siku zote, akapanga karatasi mpya, akainyoosha. Siku hiyo alikula bakuli mbili za tambi akiimba.

Wiki mbili baadaye Mama Hanaoka akaja na kamera na picha za majaribio. Alikuwa amewapiga watu wa mtaa wakisokota kamba za sikukuu.

"Fundi, samahani sana," alisema akiinama. "Labda ni macho yangu."

Hayakuwa macho yake. Upande mmoja wa picha ungeweza kuhesabu meno ya watu. Upande wa pili walikuwa ukungu mtupu.

"Umeniachia nusu ya mtaa," alisema, akajaribu kucheka. "Tena nusu yenyewe ndiyo ile inayosengenya sana."

Seijiro hakucheka. Alichukua kamera, akaipima mbele yetu. Sawa pande zote nne. Akapima tena. Sawa. Akafuta miwani, akapima mara ya tatu.

"Haiwezekani," alisema. "Imenyooka. Kinue, njoo uangalie mshale, mimi sijiamini."

Nikaangalia. Nakiri kwamba nilikwenda pale nikiwa tayari nimeshamhukumu. Nilidhani mshale anausoma vibaya. Lakini ulikuwa palepale unapotakiwa kuwa. Nikazunguka na geji mwenyewe: sawa pande zote. Kama kamera imenyooka, picha inapinda vipi? Ilipokuwa imepinda, ilipiga vizuri miaka yote hiyo! Nilijihisi kama mtu aliyeambiwa kesho ilikuwa juzi.

Nikageuka, nikamkuta kaka ameshatandaza kitambaa na anapanga bisibisi, kubwa kwanza, ndogo mwisho.

"Unafanya nini?"

"Niliahidi."

"Weka chini hizo! Umeambiwa na nani kuwa ni kosa lako? Hujui hata kosa ni lipi!"

"Ndiyo maana," alisema taratibu. "Zamani ningejua."

Hapo hasira yote ikaniishia, nikaogopa. Nikamwambia Mama Hanaoka akaniletee lenzi. Seijiro akashangaa kana kwamba nimeomba gurudumu la gari.

"Ya nini?"

"Nyamaza. Kunywa chai."

Wakati Mama Hanaoka anaifuata, nikafungua ile bahasha. Mafundi huangalia karatasi upande wa juu, kuona zimekaa vipi. Sisi tuliozikata tunazigeuza, kwa sababu unene tuliuandika chini, upande unaolala kwenye chuma. Ya kwanza ilikuwa na namba tu. Ya pili namba tu. Ya tatu ilikuwa imeloa mafuta mpaka ikawa rangi ya chai, lakini penseli ilionekana nilipoiinua dirishani:

*Lenzi ya Hanaoka ilianguka, imepinda. Pete imepindishwa kuifuata. Usiinyooshe.*

Na mwaka: 1981.

Mama Hanaoka aliporudi, tukaifunga lenzi, tukaweka kioo chenye ukungu mahali pa filamu, tukailenga milima ng'ambo ya ziwa. Nusu ukungu. Seijiro akaondoa karatasi zake mpya, akarudisha zile tatu kuukuu, moja moja, kwa kibano, bila kutetemeka hata kidogo. Milima yote ikatokea, mwanzo hadi mwisho. Lenzi iliyopinda na pete iliyopinda, na picha imenyooka. Mama Hanaoka alinishika mkono akalia, nami nikalia, halafu tukaoneana aibu tukaanza kuzungumzia kachumbari za majani. Akaondoka na kamera yake kifuani.

Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Nilitaka kumwonyesha Seijiro kuwa hakukosea. Kwamba aliyekosea ni geji, ni kiwanda, ni sisi wote tuliofundishwa kutowasalimia watu wa lenzi. Nilikuwa nimenakili maandishi yale, lakini karatasi yenyewe aliisoma kwa macho yake kabla ya kuirudisha. Mwandiko ule naujua: ni wake mwenyewe. Nimeagizwa tofu na vitunguu kwa mwandiko ule maisha yangu yote. Nikawa nasubiri aseme, ili nimtanie.

Alikirudisha kibano mahali pake.

"Huyu bwana anaijua kazi," alisema. "Kuona kwamba lenzi haiponi, akaamua kuipinda kamera iifuate. Mimi nisingethubutu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia.

"Ni wa kiwandani kwetu, Kinue? Unamkumbuka?"

Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Namkumbuka," nilisema.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, kaka."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea, uso ukamng'aa. Akakunja kile kitambaa cha bisibisi, akakifunga uzi vizuri, akakisukuma juu ya meza mpaka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Basi mpelekee hizi," alisema. "Na zile kamera nne za rafuni. Mwambie ninamwomba anisaidie."