Mashine Niliyoizika Migombani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke kabla hamjamaliza. Mimi niliishia darasa la tatu, naandika kama ninavyosema, na haya yametokea hapa hapa Kitahana, nyuma ya jiko langu. Anayetaka kucheka acheke akifika mwisho, kama kicheko kitakuwa bado kipo.

Mume wangu ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Anakoroma kama mtu anayepasua mbao, halafu kimya. Kimya hicho ndicho kibaya. Mwili uko pale, una joto, lakini ndani hakuna anayevuta hewa. Baadaye anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa mtoni, anaendelea kukoroma, na asubuhi hakumbuki kitu. Watu walituambia ni jinamizi linamkalia kifuani. Mchungaji akaja akakiombea chumba. Jinamizi halikujali.

Kitindamimba wetu, binti ambaye ni mwalimu Kasulu, alituandikisha sisi wazazi wake kwenye bima yake ya kazini. Kwa kadi ile tulifika hospitali kubwa Mwanza, wakampima mzee akiwa amelala, wakampa mashine: kiboksi cha kuweka kando ya kitanda, mpira mrefu, na barakoa ya kufunika pua. Inampulizia hewa mpaka kunakucha, koo lisijifunge. Nikajifunza kulala upya. Sauti yake, fyuu, fyuu, ikawa kama mtu wa tatu chumbani, mtu mwema asiye na maneno.

Masika yaliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Mashine ikatoa harufu ya kuungua, ikafa. Fundi redio wa Kibondo mjini aliifungua, akaifunga.

"Bibi, hii basi tena. Ndani kote kumeungua."

Sasa tuelewane. Kwetu kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi ovyo. Nywele, kucha, kitovu cha mtoto, vyote vinafukiwa, asije mwenye nia mbaya akaviokota. Mashine ile ilibeba pumzi ya mume wangu miaka yote ile. Mate yake yalikuwa yamekauka ndani ya mpira. Niitupe jalalani, mbwa waiburute barabarani? Nikaifunga kwenye kanga yangu ya zamani, nikaizika migombani, nikasawazisha udongo na kutandaza majani juu. Mzee nilimwambia imebaki kwa fundi.

Tangu hapo nikawa nalala nimekaa, mkono juu ya kifua chake. Akinyamaza nampiga begani. Na upepo ukipita migombani, nasikia fyuu, fyuu, kutoka nje. Mimi si mtu wa kuogopa majani. Lakini majani yanavuma tu, hayavuti pumzi na kuitoa, na ile ilivuta na kutoa. Kuna usiku ile ya nje ilinyamaza, na huyu wa ndani akanyamaza naye. Nilimpiga mpaka mkono ukaniuma. Sikumwambia mtu.

Daktari akaandika kwamba mzee hawezi kukaa bila mashine. Nikapanda gari, nikaenda na binti yangu ofisi ya bima huko Kasulu. Tulimkuta kijana mpole, ana tai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mume wangu anakufa na kufufuka kila siku. Nimefuata mashine."

Akasoma karatasi ya daktari, akasema nyingine inaweza kutoka, lakini ile ya zamani lazima irudishwe. Waione namba yake, na fundi wao athibitishe kwamba kweli imeharibika. Wapo watu wanauza iliyo nzima halafu wanaomba mpya.

"Na kama haipo?" nikamuuliza.

"Kama haipo, bibi, kibali hakitoki."

Binti yangu akadakia, "Ipo nyumbani. Si ipo, mama?"

"Ipo," nikasema. "Imelala."

Tulipofika stendi nikamwambia imelala wapi. Alisimama katikati ya watu wenye mizigo.

"Umeizika? Mama! Kama maiti?"

"Kama kitu cha mtu."

"Na kanga umeivisha?"

"Ulitaka niizike uchi?"

Akaanza kucheka, kicheko kikamkwama. Akasema, "Mama, namba wanayoitaka umeizika. Nilidhani bima ndiyo itatusumbua, kumbe ni wewe." Nikamwambia apande gari.

Kesho yake asubuhi tukachukua majembe. Mzee tulimwekea kiti kivulini karibu na jiko, akasinzia. Tukachimba. Sikuiona. Mvua zilikuwa zimenyesha, migomba imetoa machipukizi, kila mahali pamefanana. Nikachimba hapa, binti akachimba pale. Nilikuwa nachimba huku sikio liko kwa mzee, namsikia anakoroma, nashukuru. Anakoroma, nachimba. Anakoroma, nachimba.

Halafu sikusikia kitu.

Nilimkuta kichwa kimeanguka mbele, midomo imebadilika rangi. Nilimwita, hakuitika. Nikamtikisa, hakuitika. Binti yangu akapiga kelele, "Baba! Baba!" Nikamwinua kidevu, nikamzaba kofi ambalo sikuwahi kumpiga tangu anioe. Akavuta pumzi, ndefu, ya kukwaruza. Akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetuhesabu.

"Nilikuwa chini ya udongo," akasema. "Nasikia majembe juu yangu. Nawaita, hamnisikii."

Nikakaa chini. Nikamwambia yote, kanga na yote. Alikaa kimya, nikadhani amenyamaza ile ya kunyamaza, nikamshika mkono.

"Yoo, Mana yanje, Mungu wangu," akasema. "Mama watoto, umezika pumzi yangu nami nikiwa bado naitumia?"

"Iliungua."

"Basi chimbeni. Lakini taratibu."

Tuliipata kwenye shimo lile lile nililoliacha alipokatika pumzi. Ulikuwa umebaki udongo wa kina cha kiganja tu kuifikia. Sichoti maana yoyote hapo, nawaambia tu ilipokuwa. Kanga ilikuwa imeoza ukingoni, siafu wamepita ndani ya mpira. Namba ilisomeka.

Niliipakata mpaka Kasulu. Yule kijana wa tai alipofungua kanga, udongo ukamwagika mezani kwake.

"Bibi, hii imetoka wapi?"

"Kaburini."

Alitaka kucheka, akanitazama usoni, akaacha. Fundi wao akaikagua, akasema imekufa kweli. Kibali kilichelewa lakini kilitoka, na mashine mpya ikaja. Hii haina sauti kubwa. Inanong'ona. Mzee ananenepa, binti anasema sasa nilale. Nalala, lakini sikio halilali.

Limebaki lile shimo. Mama yangu, aliyevuka na mimi mgongoni kutoka Burundi, alinifundisha kwamba kaburi likichimbwa haliachwi tupu, litamdai mwenyewe. Ukikosa wa kumlaza, unalaza mgomba. Nikakata mgomba mzima, nikaulaza mle, nikaufunika na kile kipande cha kanga. Mzee alikuwa amesimama na fimbo yake anaangalia.

"Sasa huyo ndiye mimi?"

"Huyo si wewe. Rudi ndani."

Hakurudi. Alisubiri mpaka nikamaliza kufukia, akatia udongo kidogo kwa mguu wake. Jioni ile niliwakusanya wote wa nyumba yangu, wakubwa na wadogo, nikawaambia: Hapo migombani hapapandwi kitu, hapachimbwi. Ile mashine isizimwe na mkono wa mtu. Na yeyote kati yenu atakayesikia imenyamaza, asije kuniuliza kwanza, asiwashe taa kwanza. Amwite babu kwa jina lake, na asiache kumwita mpaka aitike.