Alama Moja Pungufu

Siku ya kwanza mwalimu wa kalkulasi aliniamkia. Yeye hakuwa amefika miaka thelathini, mimi nilikuwa na arobaini na mbili, nimekaa mstari wa mbele na shati lililopigwa pasi, akadhani nimetumwa na mkuu wa chuo kuja kumkagua. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba. Darasa zima likaangua kicheko, ndipo akajua kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Kicheko kile nilikilipia muhula mzima.

Nilikuwa nimeishia kidato cha sita, kisha nikawa mtu wa njiani: Mererani, Babati, Namanga, misimu minne ya kubeba mizigo ya wageni Mlima Meru. Kila nilipolala nilikumbuka hesabu. Ndiyo maana nilirudi Arusha, nikapanga chumba Sakina nyuma ya gereji na kujiunga na chuo. Somo lilikuwa kalkulasi ya vigeu vingi, ile ambayo x na y zinabadilika kwa pamoja, na ukilichora jibu unapata kitu kama mlima. Mlima nilidhani naujua.

"Mzee, shikamoo!" Kila kipindi mwalimu aliniita hivyo, na darasa likarudia kwa sauti moja. "Hebu tuambie. Umesimama hapa mlimani. Unapita wapi ili upande haraka?"

"Inategemea umebeba nini, mwalimu."

Walicheka mpaka wakapiga meza.

"Hapa hatubebi mabegi ya Wazungu, mzee wangu. Tunakokotoa. Kaa."

"Babu atafutiwe mkongojo!" akadakia binti mmoja wa nyuma.

Ili uingie chumba cha mtihani wa mwisho ulihitaji alama kumi na sita katika jaribio la muhula. Orodha ilipobandikwa, mimi nilikuwa na kumi na tano. Aliyekosa angesubiri mwaka mzima arudie, na mwaka mzima sikuwa nao. Najijua. Nisingekaa.

Nikabeba karatasi yangu hadi ofisini kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilimwamkia mimi, ambaye kwa umri ningemwita mdogo wangu. Akaweka kikombe chini, akanitazama, wala hakucheka.

"Marahaba."

"Naomba upitie tena swali la nne. Ni alama moja tu."

Hakukataa. Alichukua kalamu nyekundu akaanza swali la kwanza, mstari kwa mstari, taratibu, hata nikaanza kumpenda. Kwenye la pili akasimama.

"Hapa ulitakiwa uanze na x, wewe umeanza na y. Sawa, inaruhusiwa. Lakini ukigeuza mpangilio, mipaka ya x na y nayo hubadilika; wewe umeiacha ileile. Ulichora eneo?"

"Sikuchora."

"Basi nilikupa mbili za bure."

Akazikata. La nne akalipitia, akaliacha lilivyo. Akaandika kumi na tatu, akafungua daftari lake, akarekebisha na huko. Niliinama nitazame. Alikuwa sahihi.

"Kingine, mzee?"

Nikasema hapana, nikamshukuru.

Asubuhi ya mtihani nilikuwa Ngaramtoni kando ya barabara, nimepata lifti ya lori la kwenda Namanga. Nilitoa karatasi ile mfukoni, nikachora nyuma yake eneo la swali la pili. Pembetatu tu. Nikapanga mipaka upya, nikakokotoa, jibu likatoka. Dakika nne. Lori lilikuwa bado linapakia viazi.