Mkia Ulioanikwa Juani

Baba yangu alikuwa fundi wa magari mtaani Buyenzi, na kazi iliyompa sifa ilikuwa kunyoosha magurudumu kwa uzi. Mashine hakuwa nayo. Alivuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akafumba jicho moja, akasema, "Hii inakula tairi," na kweli ilikuwa inakula. Kisha vita vikaja. Guruneti lilirushwa karibu na gereji, kipande kikamwingia begani, na tangu hapo mkono wake wa kulia ukawa unatetemeka. Miezi saba alikaa nyumbani akitutazama. Nilichoka na yale macho, sitaficha.

Mteja wake mmoja wa mtaa wa Kiriri, akihama nchi, alimwachia vikorokoro vya nyumbani kwake, na ndani mlikuwa na kasha la ndege ya kuchezea ya kuunda mwenyewe, vipande vya mbao nyepesi kama ganda la kitunguu. Mama akacheka: "Mutu muzima na michezo ya watoto!" Baba hakucheka.

"Mkia wa hii kitu ukikaa sawa, Jumatatu yake narudi gereji," alisema. "Usipokaa, basi mkono umekufa, na mi sishiki tena gari ya mutu. Nisije nikaua mutu."

Baba akishasema, limesemwa.

Mwili na mabawa vilimchukua wiki mbili. Gundi ya kwenye kasha ilikuwa imekauka kabisa, naye fundi wa magari angetumia nini? Alitumia gundi ya kuzibia pancha. Mkia aliubandika Ijumaa asubuhi. Alilishika lile bawa dogo la nyuma kwa mkono uleule mgonjwa, akauma ulimi, akaliweka. Mimi nilikuwa nimeshika mwili wa ndege. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, macho yangu mazima: lilikaa sawasawa.

"Tupime, Baba," nikamwambia.

"Apana. Gundi kwanza, uzi baadaye. Usiguse."

Akaenda msikitini.

Na mimi na kiherehere changu! Asubuhi nzima kulikuwa na mawingu, sasa jua likatoka. Nikasema ngoja ikauke upesi, akirudi apime, afurahi. Nikaibeba ndege nikaianika juu ya bati la banda la kuku. Nani alinituma? Gundi ya pancha haigandi kama ya mbao, kwenye joto inalegea. Nilipokwenda kuitazama, bawa dogo lilikuwa limeteleza, upande mmoja umerudi nyuma. Nikalisukuma, likarudi kulekule. Nikaiweka ndege mezani alipoiacha. Nilijiambia labda hataona. Yeye, asione!

Alirudi, akafunga uzi kwenye pua ya ndege, akauvuta hadi ncha ya kushoto ya bawa dogo, akaubana kwa ukucha, akaupeleka ncha ya kulia. Haukufika. Alipima mara tatu. Alivuta kasha lake la spana kutoka uvunguni, akalipangusa vumbi, akatoka nalo kumpa mwenzake wa gereji. Nilisimama mlangoni nikimtazama akienda. Ningemwita mara moja tu! Mpaka leo najitukana.

Aliporudi mikono mitupu nikaangua kilio, nikamweleza yote: jua, bati, gundi, jinsi nilivyouona mkia umekaa sawa kwa macho yangu, jinsi mkono wake haukukosea hata kidogo. "Wallahi, Baba," nikasema, "wallahi ni mimi niliyeharibu." Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanifuta machozi kwa mkono ule unaotetemeka.

"Asante, mwanangu," alisema. "We una huruma kama mama yako. Lakini usiapie uongo siku ya Ijumaa."