Saa Nane ya Nani

Dada yangu alichagua duka la saa la mtaa wa Al-Baghdadiyah kwa sababu lina saa kubwa ya Kijapani juu ya mlango, hata mgeni hawezi kulikosa. Tuonane hapo saa nane, aliniambia kwa simu. Nilikuwa nimekuja Jeddah na familia ya bosi kutoka Riyadh, nimebanwa na mabegi njia nzima, na kesho yake tulikuwa tunarudi. Hatukuwa tumeonana tangu aondoke nyumbani kuja kufanya kazi za ndani, miaka mingi kabla yangu. Simu yake hukaa kwa madam wake mpaka jioni, kwa hiyo nafasi ilikuwa hiyo moja.

Nilifika mapema, nimechoka hadi mifupani. Mwenye duka, mzee wa Kizanzibari aliyeletwa huku akiwa mtoto, alinipa kiti. Kisha, kama kila mwenye duka lisilo na wateja, akaanza hadithi.

Kampuni ya saa zile, alisema, ilianzishwa na kijana aliyekuwa na kiduka cha kutengeneza saa mbovu za watu. Akapanuka, akajenga kiwanda. Kisha ardhi ikatetemeka, moto ukala kila kitu, hata saa za wateja alizokuwa akizitengeneza.

"Akawarejeshea wateja wake saa mpya, mwanangu. Angeweza kusema ni kazi ya Mungu."

Halafu kampuni ikatoa saa ya mkono ya betri, isiyotiwa ufunguo, Waswisi wakahaha. Niliitikia tu. Sikuwa na haja na Mjapani wala Mswisi, nilimtaka dada yangu. Mshale mfupi ulikuwa umeshaipita mbili, unaikaribia tatu.

"Wamngoja nani?"

"Dada yangu, mzee. Tumeahidiana saa nane."

Akavua miwani. "Saa nane ya nani? Ya kwetu au ya Waarabu?"

Sikumwelewa.

"Asubuhi palisimama binti hapo mlangoni. Nikamkaribisha ndani, hakutaka, akasema amngoja mdogo wake. Alisimama mpaka dereva wao akaja kumchukua."

Ndipo nikaelewa. Madam wake husema thamania, nane ya Kiarabu, na mshale huwa kwenye nane, asubuhi. Kwetu hiyo ni saa mbili. Nilimkasirikia dada yangu hadi machozi. Ukienda kwa wenyeji fuata yao, sawa, lakini hata saa?

Jioni akapiga. "Ulikuwa wapi? Si nilikwambia saa nane?"

"Sista, saa nane ni mchana!"

Akauliza polepole, "Ai. Kwani nyumbani tulikuwa tunahesabuje?"

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nikaanza kumhesabia, kama mtoto. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Halafu saa moja, ndiyo saba yao. Halafu saa mbili. Nyuma yake nikamsikia madam akisema, "Yalla, halas," haya, basi, na kabla sijafika nane, simu ikakatwa.