Upande wa Dirishani

Ngawini Paraone alikuwa mjane wa miaka arobaini na moja, na mikono yake ilikuwa imekomaa kwa kazi. Kwa mikono hiyo alifyeka magugu ya shamba la Pukerimu kuanzia mtoni hadi juu kilimani, akapanda majani ya malisho, akajenga na banda la kunyolea kondoo. Ardhi ilikuwa ya ukoo, watu mia na ushei, naye mmoja wao. Hakuna aliyemkataza. Hakuna pia aliyemsaidia, isipokuwa Huria, shangazi yake aliyemlea tangu mama yake afariki, ambaye kila mchana alimpelekea chakula huko huko kazini.

Ndipo serikali ikaunda tume. Ardhi ya Wamaori, wenyeji wa nchi ile, ambayo haikuwa na mpangaji mwenye hati ilihesabiwa imekaa bure, na ingekodishwa kwa walowezi. Mmaori angefikiriwa kwanza, mradi aende mwenyewe mbele ya tume aombe kuwa mpangaji wa ukoo wake. Bwana Prentice, Mzungu wa ng'ambo ya uzio, alikwisha kujihesabia Pukerimu kuwa yake, na kondoo wake walishaanza kulala humo.

Ngawini aliposema ataomba, chakula cha mchana kilikoma kuja. Akamfuata shangazi yake nyumbani.

"Shamba la babu yako unamwomba nani?" Huria alimuuliza.

"Nisipoomba mimi, shangazi, ataomba Prentice."

"Mwache aombe. Yeye ni mtu wa kuja. Wewe ukitia dole gumba pale, sote tumekubali kwamba hapa tunakaa kwa hisani ya karatasi."

Huria hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuuma Ngawini.

Siku ya tume, nyumba ya mikutano ya ukoo ilijaa pomoni. Karani, Mzungu mwenye haraka zake, alitangaza kwamba wenye ardhi wakae upande wa mlangoni, na wanaotaka kukodi wakae kule chini ya dirisha. Watu wakatazamana. Tangu nyumba ile isimame, mlangoni ni pa wenyeji na dirishani ni pa wageni, na hata mtoto anayetambaa anajua upande wake. Karani hakujua. Mmaori pekee aliyekuwa kwenye tume alijua, lakini aliinamia makaratasi yake, na mimi, niliyekuwa nimeketi mlangoni, sijamsamehe hadi leo.

Prentice alikuwa ameshaketi dirishani, kanyoosha miguu. Binamu watatu wa Ngawini, walioapa kwamba wataomba pamoja naye, walikuwa wakitazama vidole vyao. Ngawini akasimama peke yake. Huria hakukunja miguu kumpisha, na kwa kuwa miguu ya mkubwa hairukwi, ilibidi azunguke nyumba nzima huku macho yote yakimfuata. Alipofika, Prentice akasogea pembeni kwa adabu, akampa nafasi.

Walimuuliza nani alifyeka, nani alijenga banda, ana kondoo wangapi. Akajibu yote bila kusita. Mwenyekiti akauliza, "Wewe ni mwenye ardhi au mpangaji?"

"Vyote viwili."

"Karatasi ina nafasi ya kimoja, mama."

Ngawini alitazama mlangoni. Huria alikuwa akimtazama vilevile.

"Andika mpangaji," alisema.

Prentice naye akaulizwa amefanya nini Pukerimu. Alijikanyagakanyaga, kisha akachukua kofia yake akatoka. Tume ikasema itapendekeza Ngawini apewe, si mwingine. Furaha ilimjaa Ngawini.

Mkutano ulipokwisha alikwenda jikoni, kama afanyavyo siku zote pakiwa na ugeni, akachukua kisu na kuvuta kikapu cha viazi. Huria akamwondolea kisu mkononi, polepole, asimkate.

"Wageni hawamenyi viazi," alisema. "Rudi ndani. Utaletewa."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha.

Wakamkalisha mezani pamoja na tume. Huria mwenyewe ndiye aliyeleta sahani, kipande kinono cha samaki mkunga na viazi vinavyofuka moshi, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni wetu. Kula, umetoka mbali."

Mgeni akikataa chakula katika nyumba ile amewatukana wenyeji wote. Ngawini alikula huku machozi yakimdondokea sahanini, akala mpaka kiazi cha mwisho, na Huria akasimama nyuma yake na kitambaa begani, akingoja kuondoa sahani.