Mtoto Asipitishwe Mlango wa Mbele

Naikumbuka siku ile kwa viatu vyangu, mwanangu. Niliving'arisha mara mbili, nikafunga tai, nikatoka nyumbani Kizwite kwenda mahakamani, afisa ustawi wa jamii mpya kabisa. Usicheke. Mimi, mtoto wa mkulima wa ulezi wa Msanzi niliyejisomesha kwa kufyatua matofali, nilikuwa nimerudi Sumbawanga na stashahada, na sikutaka apatikane mtu asiyejua. Hata leo imetundikwa sebuleni, umeiona.

Nilikuwa nimemshika mkono binti wa miaka kumi na miwili kutoka Kate. Jina lake silitaji. Mahakama ililificha, nami nitazikwa nalo. Mama mmoja wa kijijini kwao alimchukua kwa wazazi akisema anampeleka shule. Kumbe alimfikisha ziwani, kwenye kambi ya kuanika dagaa, akafanyishwa kazi bila ujira wala ruhusa ya kutoka. Sasa mama huyo alikuwa ameshtakiwa kwa usafirishaji haramu wa binadamu, na shahidi aliyeyajua yote ni binti.

Nikampitisha mlango wa mbele, kichwa juu. Mshtakiwa alikuwa ameketi kwenye benchi pale barazani. Binti kumwona tu, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama sisi Wafipa tunavyowaamkia wakubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekua! Mama yako hajambo?"

Nami, mjinga, nikatabasamu kwa adabu ile. Tulipoitwa ndani, binti aliulizwa maswali matatu. Akatazama sakafu, hakutoa neno. Hakimu akaahirisha hadi kesho yake.

Mwendesha mashtaka, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliniita pembeni.

"Wewe bwana stashahada, nani kakutuma umpitishe mtoto mbele ya mshtakiwa?"

"Samahani, mama. Nilidhani atamsalimia tu..."

"Salamu hiyo ndiyo imemfunga mdomo mtoto wa watu. Atamsemaje mtu aliyetoka kumpigia magoti? Sheria imempa kinga, wewe umemvua!"

Binti mwenyewe aliniambia jioni, "Baba, nikimwona nitamwamkia tu. Nyumbani nimefundishwa hivyo."

Kesho yake tulipita mlango wa nyuma. Mwendesha mashtaka aliomba shauri lisikilizwe faragha, hakimu akakubali. Watu wakatolewa, pazia likawekwa kati ya binti na mshtakiwa, na kwenye jalada jina la binti likawa herufi mbili tu. Niliruhusiwa kukaa kando yake, ila nisimnong'oneze kitu. Hakimu akamuuliza kama anajua tofauti ya kweli na uongo.

"Najua. Naahidi kusema kweli."

Akaisema. Katikati ya maneno yake, nyuma ya pazia, mshtakiwa akakohoa. Kikohozi cha kujitambulisha kile. Nikaona viganja vya binti vinakutana. Kisha akavitenganisha, akaviweka magotini, akaendelea: "Nilikuwa naanika tangu alfajiri..."

Mama yule alitiwa hatiani. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, na nimesifiwa ofisini mara nyingi, sikatai. Lakini fahari yangu kubwa ni viganja vile viwili vilivyotulia.

Basi, mwanangu, wewe unayeianza kazi hii sasa, ukipewa mtoto wa kumsindikiza kutoa ushahidi, nenda mapema ukaulize mtapita wapi, ndani atakuwepo nani, na kama atamwona mshtakiwa. Omba faragha, omba pazia, maana kinga isiyoombwa hubaki kwenye karatasi. Jina lake usilitaje hata kwa mwenzi wako. Maneno usimfundishe, anayo ya kwake. Na umwambie waziwazi kwamba kumheshimu mkubwa si kuuficha ubaya wake.

Mungu akujalie macho ya kuviona viganja vya mtoto kabla hujaviona viatu vyako.