Hotpoti ya Shangazi

Leo nimefungua hotpoti kuukuu ya shangazi. Kifuniko bado kinanukia karafuu na bizari ya pilau, nikakasirika upya. Utotoni tulipanda vilima vya Pugu, mie nina hamu moja tu: kufika juu kabisa nilione paa letu la Temeke. Katikati ya njia shangazi akatandika khanga.

"Tuleni, chakula kitapoa."

"Shangazi, si kiko kwenye hotpoti! Tufike kwanza."

"Kuna nini huko juu?"

"Paa letu."

"Jamani, mwanangu, paa si utaliona jioni tukirudi?"

Wakubwa wakacheka, wakala, wakalala. Walipoamka ikawa saa ya kurudi. Labda namwonea, maana hotpoti aliibeba yeye kichwani tangu stendi. Na kusema haki, nilikula sahani mbili.